Mkunazi wa Garissa Unasubiri Kisu

Kiangazi cha jilaal kikishika Garissa, kati ya Januari na Machi, kivuli huwa mali. Mbuzi, madereva wa bodaboda na wauza miraa wote hujibanza chini ya mwarobaini uleule. Wakati huohuo, pembeni mwa laga au nyuma ya nyumba ya mtu, mkunazi unafanya mambo yake kinyume. Majani yanageuka manjano, yanapukutika, na mwishowe hubaki matawi matupu yenye miiba. Mgeni aliyehamia kutoka bara akaukuta mti huo uani mwake hudhani umekufa. Mmoja ataumwagia maji aliyoyanunua kwa mkokoteni wa punda, mwingine ataita kijana mwenye shoka.

Wote wawili wamepotea njia. Mti umelala. Maji ya mti hupotelea hewani kupitia majani, na mkunazi hutupa majani kabla jua halijaufyonza. Chini ya ardhi mzizi wake mkuu umeshuka mita kadhaa, mbali na pale jembe linapofika. Mvua ya gu ikikaribia, mara nyingine hata kabla tone la kwanza halijaanguka, macho ya matawi huanza kuvimba, na mbuzi hulijua hilo kabla ya mwenye nyumba.

Mji huu umepanda miti mingi ya kigeni bila kuuliza sana. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi nao umetutendea wema wa kivuli, ingawa tunda lake ni la ndege. Mathenge ulitoka Amerika ya Kilatini, ukaletwa katika nyika za Kenya miaka ya 1970 na 1980 na miradi iliyotaka kuni za haraka na kinga dhidi ya jangwa. Bura, upande wa pili wa Tana, ulipandwa kwa ajili ya wakulima wa mradi wa umwagiliaji. Leo umeziba njia za mifugo, umefunga kingo za mto, na miiba yake huchoma magurudumu na kwato sawasawa. Kule Baringo wenyeji walifika mahakamani mwaka 2006 kuishtaki serikali kwa ajili ya mti huohuo, wakamchukua na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu ili awe ushahidi. Nadhani hiyo ndiyo kesi pekee ya misitu nchini ambayo shahidi wake alilia "mee".

Miaka yote hiyo mkunazi ulikuwa umesimama palepale. Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera huuita gob. Mabwana miti huuandika Ziziphus mauritiana, na ulimwengu wa kilimo unaujua zaidi kwa kazi iliyofanywa India, ambako tunda lake huitwa ber na huuzwa kwa malori. Huku kwetu umebaki tunda la watoto na wachungaji. Tofauti ya hali hizo mbili haitokani na udongo wala mvua. Inatokana na kisu: kisu cha kubebesha jicho la mti bora juu ya mti pori na kisu cha kupogoa. Ndiyo hoja yangu yote, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu miti ya kufanyia kazi tunayo tayari.

Kwanza uhakikishe mti ulio nao ndio wenyewe. Chuma jani, ligeuze. Juu ni la kijani kinachong'aa, na mishipa mitatu mikuu inaanzia pamoja kwenye kikonyo na kukimbia hadi karibu na ncha. Chini ni jeupe, lina manyoya laini ambayo ukiyapitisha kidole unahisi kama kitambaa. Hayo manyoya meupe ndiyo kitambulisho. Mkunazi wa Kiarabu, ule wanaourinia asali ya bei ghali kule Hadhramaut, unafanana nao sana ila tumbo la jani lake si jeupe namna hiyo. Upo pia mkunazi pori wa Kiafrika wenye miiba ya jozi, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana, ambao hung'ang'ania nguo kwenda na kurudi. Matunda yake huliwa na wanyama zaidi kuliko watu.

Halafu kuna ndugu wa Kichina, ule unaotoa tende nyekundu zinazouzwa zikiwa zimekaushwa. Siku hizi mtu hutazama video jioni, asubuhi akaagiza mbegu. Asifanye hivyo. Mkunazi wa Kichina nao hupukutisha majani, lakini unaongozwa na baridi. Huko kwao husubiri majira ya theluji yapite ndipo uchanue. Garissa, ambako usiku wa joto kali hujifuniki hata shuka, hakuna baridi ya kuusindikiza usingizini wala ya kuuamsha. Wa Kihindi hufuata ukame, na ukame tunao.

Mfano wa kuigwa uko Jodhpur, katika jimbo la Rajasthan. Mji huo uko ukingoni mwa jangwa la Thar na hupata mvua ya takriban milimita 360 kwa mwaka, kiasi ambacho hakipishani sana na cha Garissa. Mwaka 1959 serikali ya India ilianzisha hapo taasisi yake kuu ya utafiti wa maeneo kame, ijulikanayo kwa herufi CAZRI, na mkunazi ukawa miongoni mwa miti iliyoshughulikiwa kwa bidii. Walichagua aina bora, wakazipa majina, wakafundisha wakulima kubebesha macho yake kwenye mashina ya mikunazi ya porini. Tofauti moja na kwetu tusiisahau: wao wana msimu mmoja wa mvua, sisi tuna gu ya Aprili na deyr ya Oktoba. Nitairudia nikifika kwenye kupogoa.

Lakini kabla ya tunda, jani. Nyumba nyingi za Kisomali zingelia kama mkunazi ungetoweka kesho, na si kwa sababu ya makunazi. Zingelilia qasil. Majani huchumwa yakiwa yamekomaa, hutandazwa kivulini ili yasipoteze ukijani, na yakishakuwa makavu ya kuvunjika vidoleni hutwangwa kwenye kinu. Unga huchekechwa kwa kitambaa chepesi; unaobaki juu hurudi kinuni. Kinachopatikana ni vumbi la kijani lenye harufu ya nyasi kavu. Mwanamke hutia vijiko viwili vitatu bakulini, humwagia maji kidogo kidogo huku akikoroga kwa vidole, na povu huanza kupanda mpaka likaribie ukingo wa bakuli. Jani la mkunazi lina kemikali za kutoa povu kama sabuni. Mchanganyiko huo huoshea nywele, hupakwa usoni, na bibi arusi hukaa nao mpaka ukauke na kumvuta ngozi kiasi kwamba hawezi kucheka. Kule Eastleigh, Nairobi, qasil huuzwa kwa pakiti, na kutoka huko husafiri hadi London na Minneapolis, ambako wasichana waliozaliwa ughaibuni hujifunza kutoka kwa mama zao kile ambacho mama zao walijifunza kinuni.

Jani hilohilo ndilo humwosha Mwislamu akifa. Maji ya kuoshea maiti hutiwa majani ya mkunazi, kuanzia Mandera mpaka Lamu na Unguja, kwa kufuata mafundisho ya Mtume. Mti wenyewe umetajwa katika Qur'ani, katika sura za Saba, An-Najm na Al-Waqi'ah. Unguja mtaa mzima katikati ya Mji Mkongwe huitwa Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa na sasa lipo kanisa kuu la Kianglikana. Mti wenye heshima ya namna hii ungetarajiwa kupewa angalau shimo la taka za jikoni na ndoo ya maji. Haupewi. Huachwa ujiotee, kisha hulaumiwa kwa miiba.

Ukweli ni kwamba tunda la gob wa porini ni dogo. Ni kiduara cha sentimita moja mpaka mbili, kokwa kubwa, nyama nyembamba. Likiwa bichi ni la kijani na linakaza mdomo. Likiwa la manjano ndipo huwa tamu lenye uchachu kidogo, na likikunjamana na kuwa kahawia nyama hugeuka unga mkavu ambao watoto huula wakiwa njiani kwenda madrasa, huku wakitema kokwa kushoto na kulia. Tunda hilo dogo lina vitamini C kushinda chungwa: gramu 100 za nyama yake huweza kuwa na miligramu 70 hadi 165, ilhali chungwa lina karibu 50. Wachungaji hawakuhitaji kupewa tarakimu hizo ili wajaze mifuko.

Aina zilizoboreshwa ni habari nyingine kabisa. Gola, ambayo huiva mapema na kustahimili ukame, hutoa tunda la mviringo la gramu 15 hadi 20, la manjano ya dhahabu, linalopasuka majimaji mdomoni. Seb hufanana na tufaha dogo. Umran huchelewa kuiva, tunda lake ni refu kama yai, na mara nyingi hupita gramu 30. Mti mmoja uliobebeshwa na kukomaa, ukitegemea mvua peke yake katika nchi kame ya India, huweza kutoa kilo 50 hadi 80 kwa mwaka. Aina hizi hazikuishia huko. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, walizipeleka Niger, katika kituo chao cha Sadoré karibu na Niamey, na kutoka hapo zikaenea nchi za Saheli kwa jina la kibiashara la Kifaransa, "tufaha la Saheli". Niamey si mji wenye mvua nyingi wala baridi. Watu wa bonde la Zambezi, upande wa Zimbabwe, Zambia na Malawi, hawakuingia sana katika kubebesha, lakini tunda la porini wanaloliita masau hulikausha, hulipika uji na hulikamua pombe kali. Hiyo ya mwisho Garissa hatutaiiga.

Sasa tuje kwenye kisu.

Mkulima anayesikia habari za Gola hufikiri kwanza kununua mche, kuchimba shimo na kungoja. Njia hiyo ipo, ila kwa mti huu iko njia fupi zaidi. Mkunazi pori wa miaka mitano au kumi ulio ndani ya ua wako tayari una mzizi ulioshuka. Gharama kubwa ya kupanda mti nyikani, yaani maji ya miaka miwili ya kwanza, imekwisha kulipwa na mvua zilizopita. Wahindi huubadilisha mti wa namna hiyo kichwa palepale ulipo.

Mwishoni mwa jilaal, mti ukiwa bado mtupu, ukate kwa msumeno sentimita 30 hivi juu ya ardhi. Mkato uwe wa mshazari ili maji ya mvua yateleze. Usitumie panga, kwa sababu shina likipasuka ugonjwa huingilia hapo. Jirani atakuona umerukwa na akili, mwache. Gu ikinyesha, kisiki kitatoa machipukizi mengi kwa fujo. Chagua mawili au matatu yaliyonyooka, yaliyo pande tofauti, mengine yavunje. Yakifikia unene wa penseli, baada ya miezi miwili mitatu, yako tayari.

Fanya kazi alfajiri, jua halijawa kali, na vaa glovu za ngozi. Kata matawi machanga kutoka kwenye mti bora, yenye macho yaliyonona lakini hayajafunguka. Ondoa majani yote ukibakiza kikonyo cha kila jani, kwa sababu kikonyo hicho ndicho mpini wako na baadaye ndicho shahidi wako. Funga matawi katika kitambaa kibichi. Katika joto la Garissa macho yaliyokatwa asubuhi yatumike asubuhi hiyohiyo.

Kwenye chipukizi la mti pori, mahali palipo laini, chora kwa kisu kikali mkato wenye umbo la herufi T, urefu wa sentimita tatu hivi, usiguse mti wa ndani. Inua ganda kwa ubapa wa kisu. Hapa utajua kama saa imefika: ganda linapoachana na mti kwa urahisi, likiwa na utelezi wa utomvu, endelea. Likichanika na kung'ang'ania, mti una kiu, funga kisu chako urudi baada ya mvua au baada ya kuumwagia maji siku kadhaa. Sasa kata jicho kutoka kwenye tawi bora, likiwa na kipande cha ganda chenye umbo la ngao, lishike kwa kikonyo, litelezeshe ndani ya ile T mpaka likae sawasawa, jicho likitazama juu. Zungusha utepe wa nailoni juu na chini, kaza, ila jicho lenyewe liache wazi. Kazi nzima, kwa mkono uliozoea, ni dakika mbili. Mkono usiozoea utaharibu macho kadhaa kwanza, na ndiyo maana hujifunzii kwenye tawi la mwisho ulilonalo.

Baada ya wiki mbili gusa kile kikonyo. Kikianguka kwa mguso mdogo, jicho limeshika. Kikiwa kimekauka na kuganda palepale, limekufa, jaribu upande wa pili wa chipukizi. Wiki ya tatu fungua utepe, kisha kata sehemu ya juu ya chipukizi pori ili nguvu yote iende kwenye jicho jipya. Kuanzia hapo adui ni mti wenyewe. Chini ya kiungo, gob wa zamani utatoa machipukizi yake tena na tena, yenye nguvu na miiba mirefu. Yavunje kila wiki. Watu wengi waliobebesha wakasafiri hurudi wakakuta mti umestawi vizuri sana, ila ni uleule wa zamani.

Jambo moja zaidi kuhusu macho: usibebeshe aina moja tu. Aina nyingi za mkunazi hazijichavushi vyema zenyewe, kwa hiyo Gola peke yake huweza kuchanua kwa wingi na kuzaa haba. Weka jicho la Seb au Umran kwenye chipukizi la pili la kisiki hichohicho, au waachie nzi na nyuki mkunazi pori wa jirani. Maua yake ni madogo, ya kijani njano, na harufu yake si ya manukato, lakini wadudu huyafuata kwa makundi.

Asiye na mti pori aanze na kokwa. Chagua kutoka kwenye matunda yaliyoiva vizuri, yaoshe, yatose kwenye maji ya chumvi nyingi, yanayoelea yatupe. Kokwa ni gumu na mbegu yaweza kukaa humo zaidi ya mwezi bila kuota. Ukilipasua kwa uangalifu na kutoa mbegu nzima, huota kwa wiki moja hivi. Tumia mifuko mirefu ya kitalu, maana mzizi hukimbia chini mapema na ukipindika mfukoni mti hudumaa maisha yake yote. Mche uliobebeshwa huanza kutoa matunda mwaka wa pili au wa tatu. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, mbolea ya mbuzi iliyooza ichanganywe na udongo wa juu, na mti hadi mti iachwe mita sita hadi nane. Kwenye mteremko, inua tuta la nusu mwezi upande wa chini ili maji ya mvua ya dakika kumi, ambayo kwa kawaida hukimbilia lagani, yakusanyike shinani.

Kuhusu mbuzi sitaandika mengi, kila mtu wa Garissa anajua. Mbuzi na ngamia hupenda jani la mkunazi kuliko karibu jani lolote la nyika, na mche usio na ua ni chakula cha jioni. Zungushia matawi ya miiba mara mbili.

Kisu cha pili ni cha kupogoa, na hapa ndipo mikunazi mingi hupotezwa hata baada ya kubebeshwa. Mkunazi huzaa kwenye matawi mapya ya msimu huo. Usipokatwa, unarefuka, matawi yanaingiliana, kivuli kinazidi na matunda yanakuwa machache, madogo, yaliyofichwa mahali ambapo mkono hautafika bila kutoka damu. Jodhpur hupogoa Mei na Juni, mti ukiwa umelala katika joto kali, wiki chache kabla ya mvua yao ya kusi. Wakati unaolingana na huo kwetu ni Februari kuelekea Machi. Rudisha nyuma matawi ya mwaka jana kwa karibu nusu, ondoa yaliyokufa, yaliyolala chini na yanayovuka katikati. Mti mchanga ulelewe na shina moja hadi kiunoni, kisha matawi makuu matatu au manne.

Nilisema nitarudia suala la misimu miwili. Mti uliopogolewa Machi huchipua kwa gu, huchanua, na matunda huchukua miezi minne hadi sita kukomaa. Gola, inayowahi, inaweza kuvunwa kabla ya deyr kushika. Umran itakutwa na mvua ikiwa mtini, na mvua juu ya makunazi yanayoiva huleta ukungu na kupasuka. Kwa sababu hiyo, kama ningepewa nafasi ya jicho moja tu la kuzaa Garissa, ningechukua Gola na kuiacha Umran na ukubwa wake. Maji nayo yapewe wakati wake: mara moja au mbili matunda yanapoanza kufunga, basi. Kumwagilia mti uliolala katika jilaal ni kuuamsha usiku wa manane. Utachipua majani mabichi katika jua la nyuzi 38, na utakuwa umeingia deni la maji usiloweza kulilipa.

Wadudu wapo. Nzi wa matunda hutaga kwenye makunazi machanga, na funza hukutana nawe kwenye kokwa. Dawa ya kwanza ni kuokota matunda yote yaliyoanguka kila siku na kuwapa mbuzi au kuyafukia chini kabisa, kwa maana funza hutoka kwenye tunda na kuingia udongoni kujibadilisha. Kulima kidogo chini ya mti baada ya mavuno huwafunua kwa jua na kuku. Ubwiri unga hupaka matunda machanga vumbi jeupe majira yenye unyevu. Unga wa salfa huuzuia.

Nani anufaike? Shamba la mtoni ni la wachache. Wenye ardhi kandokando ya Tana, kuanzia Sankuri mpaka Nanighi, wana pampu, ndizi, maembe na matikiti, na wana hasara zake: mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili 2024 yalizoa migomba pamoja na mabomba. Anayeishi Modogashe, Dadaab au Habaswein hana mto kama huo. Mkunazi unavumilia udongo wa magadi na chumvi ambao mwembe unaukataa, na hauhitaji pampu. Sitadanganya kwamba dalali wa Nairobi atapigania makunazi kesho asubuhi kama anavyopigania matikiti. Tunda bichi hudumu siku chache, na soko la kwanza litakuwa hapahapa, kisha Eastleigh na miji ya pwani, ambako hakuna haja ya kumweleza mtu kunazi ni nini. Likikaushwa juani hukaa miezi.

Tahadhari moja ni ya kisheria na ya akili. Macho na miche kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na kupitia karantini yao ya Muguga. Kijana anayerudi kutoka Mumbai na vijiti kwenye begi anaweza kuingiza ugonjwa au nzi ambaye hatuna. Mkunazi wenyewe si malaika popote unapopelekwa: kaskazini mwa Queensland, Australia, ni gugu lililowekewa vikwazo vya kisheria. Huku kwetu mbuzi na ngamia huuweka katika mipaka yake, na aliyeona mathenge ukienea hahitaji kuhubiriwa kuuliza kabla ya kuleta.

Tena kuna miti ya nje ya ua. Gob wa malishoni una wenyewe: wafugaji wanaotegemea majani yake ya kwanza kabla ya nyasi kuota, wanawake wa qasil, na jamii inayomiliki ardhi hiyo kwa pamoja, ambayo haki zake zinatambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kukata kisiki cha sentimita 30 pale ambapo kundi la mtu hupumzika ni kutafuta kikao cha wazee, na kwa haki. Pa kuanzia ni mahali penye ukuta tayari. Shule zina ukuta. Misikiti ina ukuta, na zaidi ya hapo ina maji ya udhu ambayo mara tano kwa siku hutiririka kwenye mfereji na kupotelea mchangani. Bomba la plastiki la mita chache kutoka kwenye mfereji huo linatosha miche minne au mitano kwa miaka miwili ya mwanzo, na baadaye lisogezwe kwa mingine. Matunda yaliwe na wanafunzi wa madrasa, na anapofiwa mtu mtaani, majani yawe karibu.